Mtunzi wa mauaji ya zamani, muulize kwanza mwosha maiti

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme neno kwa watunzi wa hadithi za taharuki, hasa hizi za mauaji ya zamani katika mtaa uliotulia. Miswada ya aina hiyo inapita mezani kwetu kwa wingi, na mingi inashika njia moja: wazee wanacheza bao, watoto wanakwenda madrasa, halafu fundi anachimba msingi anakutana na fuvu. Kuanzia hapo ni polisi, maabara, DNA, na mwishoni mzee mmoja wa kanzu nyeupe anaporomoka kizimbani akilia kwamba ni yeye.

Njia hiyo imechakaa, na ubaya wake mkubwa ni kwamba haifanani na jinsi watu wa pwani yetu walivyokuwa wakifa na kuzikwa. Aliyeua kimya kimya ndani ya nyumba yake hakuwa na haja ya kuchimba shimo usiku. Mtaa wenyewe ulimchimbia kaburi mchana kweupe, ukamswalia maiti, ukarudi kula pilau ya hitima uani kwake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka ni 1991, Ngamiani, Tanga. Mwanamke wa miaka 26 amekutwa bafuni alfajiri, amekufa. Mume anasema ameteleza. Balozi wa nyumba kumi anagongewa mlango, shekhe anaarifiwa, vijana wanatumwa makaburini na majembe, na sala ya adhuhuri ikishaswaliwa jeneza linatoka. Hakuna daktari aliyeitwa wala karatasi iliyoulizwa, na hakuna aliyeona ubaya, maana kuharakisha maziko ni jambo jema katika dini. Kati ya watu wote waliojaa msibani, walioona mwili wenyewe ni watatu au wanne tu: waosha. Riwaya iko hapo, na watunzi wetu wanaupita mlango huo bila hata kuchungulia.

Maiti wa kike huoshwa na wanawake. Hulazwa kitandani, chini yake ukiwa umechimbwa ufuo wa kupokea maji, na shuka hubaki imemsitiri tangu kitovuni hadi magotini muda wote. Mwosha mkuu humwinua kidogo, akamkamua tumbo taratibu ili kilichomo kitoke, akamsafisha kwa mkono uliozungushiwa kitambaa, akamtawadhisha. Ndipo maji yanapoanza kumwagwa: kichwani, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kuosha mara moja kunatosha kisheria. Mara tatu ndiyo desturi, na haja ikizidi huongezwa kwa witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili, tano au saba. Maji ya mwanzo huwa na majani ya mkunazi au sabuni, ya mwisho kafuri. Nywele hufumuliwa, zikasukwa mikia mitatu na kulazwa nyuma. Mwisho ni sanda, vipande vitano kwa mwanamke. Mtunzi aufuate mlolongo huo kwa makini: mwosha ameshika shingo, amefumua nywele, amekunja viungo, amemgeuza maiti ubavu huu na ubavu huu. Siku ile hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu na ushahidi kuliko yeye.

Angeona nini? Aliyekabwa kwa kamba na mtu mwingine mara nyingi hubaki na alama iliyolala mlalo kuzunguka shingo. Ya aliyejinyonga hupanda kuelekea penye fundo, na huko juu hufifia au hukatika. Ndani ya kope huweza kuwamo vidoa vyekundu vidogo mno, ambavyo mwosha huviona akimfumba macho maiti. Kuna pia damu iliyotuama: moyo ukisimama, damu huteremkia upande ulio chini na kuipaka ngozi rangi ya zambarau, ikaanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili, na baada ya saa nane hadi kumi na mbili hivi haihami tena hata mwili ukigeuzwa. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi hiyo haionekani kirahisi, kwa hiyo mtunzi asimpe mwosha wake macho ya darubini.

Ampe mikono. Mwili huanza kukakamaa taya na shingo, saa mbili hadi nne hivi baada ya kifo, na hukamilika kwenye miguu kama saa kumi na mbili baadaye. Joto la pwani huharakisha, lakini haligeuzi saa tatu kuwa kumi. Sasa mume anasema alimsikia mkewe akianguka saa kumi na moja alfajiri. Mwosha anaanza kazi saa mbili asubuhi, anajaribu kukunja goti, goti limegoma. Mwanamke aliyeosha maiti kwa miaka ishirini hahitaji kitabu kujua kwamba huyu hakufa alfajiri. Ataendelea kumwagia maji, atatoka, atapewa chai. Mtunzi asimpe neno lolote la kusema kwenye ukurasa huo.

Kuna jambo jingine ambalo hatujaliona likitumiwa hata mara moja. Sharia inamruhusu mume kumwosha mkewe. Wengi mtaani hawalijui hilo, na wanaolijua hawajaliona likifanyika. Mume akisimama ukumbini akasema, "Mke wangu nitamwosha mwenyewe," shekhe hana la kumpinga, na waosha wanabaki mlangoni na kata zao mikononi. Ni tamko halali kabisa, na kuanzia hapo watu wanaacha kutazamana usoni. Akitaka kubana zaidi, mtunzi amwite mwosha mmoja ndani dakika za mwisho aje kusuka zile nywele, kwa sababu mume hajui kusuka.

Kwa nini asiseme? Kwa sababu mwosha hufundishwa kusitiri alichokiona kwa maiti, na methali ya mwosha huoshwa anaijua kila mtu. Kusitiri aibu ya maiti na kuficha jinai ni mambo mawili, lakini mwanamke aliyeirithi kazi kwa shangazi yake alirithi katazo, hakurithi ufafanuzi. Wanaotafuta saikolojia ya riwaya katika mwendawazimu mwenye kisu wanahangaika bure. Hapa kuna mtu mwema aliyelitii agizo jema mahali pasipostahili, akaishi nalo miaka thelathini huku akimwamkia muuaji kila asubuhi.

Sasa mtu anataka kaburi lifukuliwe. Polisi hawachimbi kwa uamuzi wao, wala ndugu. Inatakiwa amri ya mahakama. Siku ya kufukua wawepo daktari, polisi, ofisa wa afya na jamaa wa kuonyesha kaburi, na hapo kwenye kuonyesha ndipo mambo hukwama, kwa kuwa makaburi mengi hayana jina na mengine yamezikiwa juu yake. Jembe linatumika juu tu. Wakikaribia mwanandani, kile kishimo cha ndani alimolazwa maiti, kazi ni ya mwiko mdogo na brashi. Maiti alilazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kwa Tanga kibla ni karibu kaskazini kamili, kwa hiyo kichwa kiko mashariki. Mtunzi aliyeandika kwamba fuvu lilikutwa "likitazama mbingu" amezika Mwislamu kwa utaratibu usiojulikana. Viunza, mbao za kumfunikia maiti, vilishaliwa na mchwa, udongo ukashuka juu ya mifupa, na sanda ya pamba imekwisha.

Udongo wa shingoni na kifuani lazima upite kwenye chekeche la matundu madogo, milimita mbili hivi, maana kinachotafutwa ni kijifupa cha juu ya koromeo, chini ya ulimi, chenye umbo la herufi U na kisichoungana na mfupa mwingine wowote. Watunzi wanakipenda sana: kimevunjika, basi alikabwa, kesi imekwisha. Kwa kweli huvunjika katika takriban theluthi tu ya vifo vya kukabwa, na zaidi kwa watu wa makamo, kwa kuwa kwao kimekomaa na kukauka. Kwa mwanamke wa miaka 26 sehemu zake mara nyingi bado zimeshikamanishwa na gegedu, na gegedu huoza. Kwa hiyo chekeche litatoa vipande vitatu vilivyoachana, na hakuna daktari mkweli atakayeapa kwamba vilivunjwa na mkono wala kwamba viliachana vyenyewe. Vidoa vya kopeni, alama ya kamba na damu iliyotuama viliondoka pamoja na nyama. Mfupa wa paja utatoa urefu wake, nyonga zitasema ni mwanamke, ncha ya ndani ya mtulinga itakisia umri. Fuvu halina ufa, jambo linalotikisa maelezo ya kuteleza, lakini wakili wa utetezi atasimama aseme, na atakuwa sahihi, kwamba mtu huweza kufa kwa damu kuvujia ubongoni bila fuvu kupasuka.

DNA hapa haina kazi. Tanzania ina sheria yake ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ikipata jino zima au kipande cha paja inaweza kuonyesha kwamba marehemu ni dada wa fulani. Lakini jina la marehemu kila mtu analijua, na vinasaba vya mume ndani ya nyumba ya mume havithibitishi kitu. Na anayeng'ang'ania shimo lake chini ya sakafu, walau aache kumwaga chokaa. Chokaa haiyeyushi maiti. Hukausha ngozi, hupunguza harufu na kuchelewesha kuoza. Muuaji anayemwaga mifuko miwili anawatunzia polisi ushahidi.

Kinachobaki ni mdomo wa mwosha, na mahakama haitampokea kwa mikono miwili. Mashtaka ya mauaji hayana ukomo wa muda, hilo ni kweli, na watunzi wanalitumia sana. Wanalosahau ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za 2002: shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni hakikisho kubwa la kuaminika kwake, na kuchelewa bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama makini ihoji. Maneno ya kushika hapo ni "bila maelezo". Mwosha ana maelezo. Kazi ya sura nzima ya mahakamani ni kuona kama maelezo hayo, yenye nguvu zote mbele ya Mungu na majirani, yanasimama mbele ya jaji ambaye hajawahi kuingia penye josho. Wakili atamwuliza kama alipewa chai na mume yule. Atamwuliza aliosha maiti wangapi baada ya hapo, na shingo zao zilikuwaje. Hapo shahidi mkweli huanza kuonekana mwongo, na msomaji anahangaika naye.

Akifa kabla ya kesi, binti yake hawezi kusimama badala yake akarudia alichoambiwa na mama. Watunzi wengi huita hiyo "kauli ya marehemu" wakaipitisha. Kauli ya marehemu inayokubalika kwa mlango huo ni ile inayohusu kifo cha msemaji mwenyewe. Mwosha alikuwa akisimulia kifo cha mwingine. Mke wa pili wa mume yule naye, aliyeolewa miaka miwili baada ya msiba na ambaye huenda aliambiwa kitu kitandani, kwa kawaida hawezi kulazimishwa na upande wa mashtaka kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Anaweza kuamua kusema. Huo uamuzi una uzito kuliko mashine yoyote ya maabara.

Na kama kuna jirani anayedai alimwona mume uani usiku ule, kuna shauri la Waziri Amani (jina la mtu, siyo cheo) la 1980, ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini amelisoma. Mahakama itataka kujua alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Mtunzi ajibu hayo kwenye sura ya kwanza, siyo ya mwisho. Koroboi ilikuwa dirishani kwa nani? Upepo wa kusi uliipuliza kuelekea wapi? Mwezi ulikuwa na siku ngapi? Tarehe ikishachaguliwa, mwezi hauchaguliwi tena; kalenda ya Kiislamu inausema.

Kumbukumbu nazo zinaandikwa vibaya. Mhusika anafumba macho, na 1991 inarudi nzima, hata rangi ya ndoo. Januari 1986, asubuhi ya siku iliyofuata baada ya chombo cha anga Challenger kulipuka, Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, aliwaandikisha wanafunzi walikuwa wapi na walisikiaje habari. Karibu miaka mitatu baadaye yeye na Nicole Harsch waliwauliza 44 kati yao maswali yale yale. Wanafunzi 11 hawakupata hata jambo moja sawa, na wengi waliokosea walijiamini. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, hapakuwa na aliyekumbuka upya. Wapo walioshikilia kwamba karatasi ndiyo iliyokosea. Mtunzi alitumie hilo: mwosha anakumbuka khanga nyekundu, daftari la michango ya msiba linasema khanga zote zilizonunuliwa zilikuwa nyeusi na nyeupe. Je, na ile alama ya shingoni aliiona, au ameiota kwa miaka thelathini?

Anayedhani tunaidharau sayansi asome kesi ya Narborough na Enderby, vijiji tulivu vya Leicestershire, Uingereza, ambako wasichana wawili wa miaka 15 waliuawa, mmoja 1983 na mwingine 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mauaji mojawapo. Vinasaba, kwa mbinu iliyogunduliwa na Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 1984, vilionyesha kwamba kukiri kwake hakukuwa kweli, na kwamba wauaji hawakuwa wawili, ni mtu mmoja. Polisi wakachukua damu na mate ya wanaume wapatao 5,000 wa eneo lile. Hakuna aliyelingana. Muuaji, Colin Pitchfork, alimshawishi mfanyakazi mwenzake wa kiwanda cha mikate atoe damu kwa jina lake. Alinaswa 1987 kwa sababu mwenzake huyo alilopoka mbele ya wenzao baani, na mwanamke mmoja aliyesikia akapeleka habari polisi, tena baada ya wiki kadhaa. Zile wiki kadhaa ndizo tungependa kuzisoma. Amekaa nazo vipi, alimpikia nani chakula, alimwambia nani kwanza?

Kuhusu nyumba, tusichoshe. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba pande mbili, uani kuna jiko, choo na bafu la wote. Zile za zamani kuta za vyumba haziendi mpaka paani, na nyingi hazina dari, kwa hiyo kikohozi cha chumba cha kwanza kinasikika cha tano. Mtunzi asituambie kwamba hakuna aliyesikia. Wapangaji wote walisikia, kila mmoja akangoja mwingine aamke.

Tumalize na orodha ya mambo yanayotufanya turudishe miswada ya miaka ile kabla hatujafika sura ya tatu. Mwaka 1991 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya kwanza vilianza 1994, kwa hiyo majirani hawakukosa kusikia kelele kwa sababu ya tamthilia. Simu ya mkononi haikuwapo, ya mezani ilikuwa kwa wachache, na taarifa ya msiba ilitembea kwa miguu, kwa redio na kwa basi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa wa chama kimoja, kwa sababu vyama vingi vilirudi kisheria 1992, na mtu kumsemea balozi kwamba hakuripoti kifo kilikuwa kitendo chenye hatari yake. Cheti cha kifo hakikutolewa na RITA. Wakala huo wa usajili ulianza 2006. Umri uhesabiwe kwa karatasi pembeni: mwosha aliyekuwa na miaka 40 siku ya josho ana zaidi ya 70 siku ya ushahidi, magoti yanamuuma, na kizimba cha mashahidi kina ngazi. Mtoto wa marehemu aliyekuwa na miaka mitano hana ushahidi wa maana, lakini ndiye mwenye haki ya kuomba mfupa wa mama yake uguswe au usiguswe, na hakuna mswada hata mmoja uliomwuliza.

Ni sisi wahariri wa miswada ya riwaya,
Tanga.